Tangazo la Albamu Huingia Akilini Kabla ya Wimbo

Bendi nyingi tunazijua kwa macho kwanza. Kabla wimbo haujapigwa redioni, tangazo limeshatangulia: limebandikwa ukutani, limechapishwa gazetini, au limepita kwenye simu kwa sekunde chache. Siku tunapoisikiliza albamu yenyewe, tayari tumeshaamua hawa ni watu gani, wana hasira au wanajidai wasomi, ni wenzetu au si wenzetu. Uamuzi huo kuna mtu alitupangia, akichagua herufi, rangi, na uso wa nani ukae mbele. Kwa maoni yangu, bendi inayoiachia idara ya mauzo kazi hiyo peke yake inatoa sura yake bure, na kuirudisha baadaye ni shida.

Chukua suala la ukubwa wa uso tu. Mwaka 1967 kampuni ya rekodi ya Elektra iliweka bango la albamu ya kwanza ya bendi ya roki The Doors kwenye Sunset Strip, Los Angeles, barabara waliyokuwa wakipita watangazaji wa redio na watu wa filamu. Hilo hutajwa kuwa bango la kwanza la barabarani kwa ajili ya albamu ya roki. Sasa tazama kava ya albamu hiyo: uso wa mwimbaji Jim Morrison umejaa upande mmoja, wenzake watatu wamebanwa kando, wadogo. Kwa mpangilio huo, bendi ya watu wanne ikaanza kuonekana kama mtu mmoja na wapiga vyombo wake. Ajabu ni kwamba wimbo uliowafikisha namba moja Marekani mwaka huohuo ulitungwa kwa sehemu kubwa na mpiga gitaa, Robby Krieger. Mwambie msikilizaji wa kawaida akutajie jina la mpiga gitaa wa The Doors, uone atakavyokuna kichwa.

Herufi nazo zina mambo yake. Msanii Jamie Reid alipowatengenezea Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza, kazi zao, alipanga maneno kwa herufi zilizokatwa magazetini, kila moja na umbo lake, kama barua ya mtekaji nyara anayedai fidia. Albamu yao ya mwaka 1977 ilikuja kwa manjano ya kuumiza macho, na kwenye kava hakuna hata picha moja ya wanabendi. Watu husifu ukali wa kazi ile. Mimi naona nguvu yake ilikuwa kwingine. Ilionekana kama kitu ambacho kijana yeyote mwenye mkasi na gundi angeweza kukitengeneza chumbani kwake, na hilo ndilo punk, roki ile ya kasi na ya uasi, ilikuwa ikimwambia kuhusu muziki pia: huhitaji ruhusa ya mtu. Halafu meneja wa duka moja la rekodi Nottingham, Uingereza, akashtakiwa kwa kuonyesha dirishani jina la albamu, lenye neno la matusi, chini ya sheria ya matangazo machafu ya mwaka 1889! Mahakimu walitupilia mbali mashtaka hayo Novemba 1977. Hakuna bajeti ya matangazo ambayo ingeipa bendi ya waasi zawadi kama hiyo.

Suala linalonigusa zaidi ni la kuacha vitu nje. Albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971, haikuwa na jina la bendi wala jina la albamu kwenye kava. Matangazo ya kuitanguliza yalionyesha alama nne za ajabu, kila mwanabendi na yake, bila maelezo. Kampuni ya rekodi ilihofia hasara. Badala yake albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani, na bendi ikabaki na sura ya watu wenye siri hadi leo. Miaka miwili kabla, The Beatles walikuwa wamefanya jambo linalofanana na hilo kwa Abbey Road: wanaume wanne wanavuka barabara, basi.

Tatizo ni kwamba ukimya huo umekuwa mtindo wa kila mtu. Bendi changa inafuta picha zake zote mtandaoni, inaweka mraba mweusi, chini yake tarehe. Inasubiri watu washtuke. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama. Led Zeppelin waliweza kuficha jina kwa kuwa jina lilikuwa limeshajaa midomoni mwa watu. Ukimya kwenye tangazo ni mtaji wa anayejulikana, na anayeanza akiuiga anajificha mahali ambapo hakuna anayemtafuta.

Wapo wanaonipinga kwa vitendo, nao ni bendi za black metal, tawi la metali lenye sauti kali na giza. Majina yao huchorwa kama mizizi na miiba iliyosokotana. Mgeni hasomi hata herufi moja. Mbelgiji Christophe Szpajdel amechora maelfu ya nembo za namna hiyo, ikiwemo ya bendi ya Emperor. Nadhani wao wanafaulu kwa sababu mchoro wenyewe unasema jambo lililo wazi kabisa: ni muziki wa aina gani, na ni wa nani. Jina utalijua baadaye kutoka kwa anayelijua. Mraba mweusi hausemi hata hilo.

Halafu kuna tangazo linaloitia bendi doa. Mwaka 1976, juu ya barabara ileile ya Sunset, The Rolling Stones walitangaza albamu yao Black and Blue kwa picha ya mwanamke aliyefungwa kamba, amevilia damu, na maneno yanayomfanya aseme anapenda hali hiyo. Kundi la wanawake liitwalo Women Against Violence Against Women lilisimama kupinga, na bango likaondolewa. Kundi hilo halikuishia hapo. Liliongoza mgomo wa kutonunua rekodi za kampuni zilizokuwa chini ya Warner, ikiwemo iliyosambaza rekodi za Stones, hadi mwaka 1979, kampuni ilipotangaza msimamo dhidi ya kutumia picha za ukatili kwa wanawake. Najua hoja ya wanaotetea: ulikuwa utani, ulikuwa uchokozi wa roki. Lakini bango halina sauti ya mzaha. Aliyepita na gari aliona mwili uliopigwa na jina la bendi, vikiwa pamoja. Kila uamuzi pale, kuanzia kamba hadi mkao wa yule mwanamke, ulifanywa na watu waliokuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Sioni kwa nini bendi isihesabiwe tangazo kama inavyohesabiwa wimbo.

Hata mahali pa kuweka tangazo ni sehemu ya usanifu. Oktoba 2019 Coldplay, bendi inayojaza viwanja kwa taa na bangili zinazowaka, waliorodhesha nyimbo za albamu yao mpya kwenye kurasa za matangazo madogomadogo ya magazeti ya kawaida, likiwemo Daily Post la kaskazini mwa Wales, ambako mpiga gitaa wao Jonny Buckland aliwahi kufanya kazi ya likizo. Wino mweusi, safu nyembamba, hakuna picha. Ghafla matajiri hao wakaonekana kama vijana wa jirani. Nililipenda, ingawa nilijua nachezewa. Sehemu kubwa ya tuliolisoma hatukununua gazeti lolote. Tuliliona kwenye simu, limepigwa picha na kusambazwa, chembechembe za karatasi zikionekana vizuri. Tangazo lenyewe lilikuwa ile picha, na nina hakika aliyelipanga alilijua hilo kabla gazeti halijaenda mtamboni.