Ukucha Umeachia Wapi?

Mteja anayekula kucha hajitangazi. Unamtambua akikaa kitini na kukunja vidole ndani ya kiganja kabla hujamwambia alete mkono. Kwenye saluni zetu ndogo za Mwanjelwa na Kabwe, hapa Mbeya, wengi huja Ijumaa. Kesho kuna sendofu ya mdogo wake, na anataka kucha bandia ndefu. Anabandikwa, analipa, anatoka akijitazama mikono kama kavishwa pete. Jumanne karudi: tatu zimeachia, moja haipo. Yeye anasema, "Dada, kazi yako haikai." Fundi anajibu, "Umezing'ata mwenyewe."

Mafundi tumegawanyika juu ya mtu huyu. Wapo wanaosema asibandikwe mpaka kucha zake ziote. Wengine wanasema abandikwe leo, maana ugumu wa kucha bandia ndio utakaomzuia kung'ata. Mimi nimewahi kushika msimamo wa kwanza kwa miaka, na bado nauheshimu.

Kucha bandia hushika kwenye ukucha, haishiki kwenye nyama. Aliyejila mpaka katikati amebakiza kipande kidogo, na mbele yake nyama ya ncha ya kidole imeinuka kuliko ukucha wenyewe. Ukimrefushia kwa ncha ya plastiki, kila anapobonyeza simu nyama hiyo inaisukuma kutoka chini. Kadiri urefu unavyozidi ndivyo kila mguso wa ncha unavyong'oa kule nyuma, ambako kishikio ni kidogo. Ikishaachia upande mmoja, ulimi unaigundua, kisha meno. Akiibandua hivyo haitoki peke yake: inaondoka na tabaka za ukucha wake, naye anabaki na ukucha mwembamba kuliko aliokuja nao. Wengine wana vidonda pembeni. Kidole chenye usaha hakibandikwi na fundi yeyote. Aende zahanati kwanza, hilo sina mjadala nalo.

Lakini kusubiri nako kuna hesabu yake. Ukucha wa mkono huota takriban milimita 3 kwa mwezi, na kutoka shinani hadi ncha unachukua kama miezi 6. Unamwambia mtu ambaye hajaona ncha ya ukucha wake tangu darasa la pili akae miezi miwili au mitatu bila kung'ata. Angeweza hilo, asingekuja kwako. Mkono wake unafika mdomoni kabla hajajua: yuko kwenye daladala, anasubiri matokeo, anamuuguza mama yake. Tulipakwa pilipili vidoleni tukiwa watoto. Tulinawa, tukaendelea, ila sasa tukawa tunajificha. Nathan Azrin na Robert Nunn, wanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1973 walichapisha njia tofauti kabisa: mtu afundishwe kwanza kuutambua mkono unapoanza safari, halafu aupe kazi nyingine, kama kukunja ngumi. Naona kucha bandia inasaidia ile nusu ya kwanza. Jino linagonga kitu kigumu, mtu anazinduka. Nusu ya pili lazima aifanye mwenyewe, na fundi asiahidi kinyume chake.

Kwa hiyo naunga mkono kubandika, ila ugomvi wa Jumanne lazima tuumalize kwa haki, na ukucha wenyewe unatoa ushahidi. Tazama umeanza kuachia wapi.

Ukianza kuachia nyuma, karibu na ngozi, mara nyingi kosa ni letu. Kuna utando mwembamba wa ngozi unaolala juu ya ukucha, hauonekani kwa haraka. Usipousukuma na kuuondoa, jeli, dawa tunayojengea kucha bandia kama ilivyo akriliki, inashika utando badala ya ukucha. Au mafuta hayakufutwa. Au jeli imegusa ngozi. Kwa mng'ata kucha utando huo ni mgumu zaidi kusafisha, kwa sababu ngozi ya hapo nayo hutafunwa ikakakamaa. Anahitaji dakika nyingi za maandalizi, na sisi tunampa zilezile za mteja wa kawaida kwa sababu kuna foleni.

Ukianza kuachia mbele, tafuta urefu uliozidi, nyama inayosukuma, au meno. Maji pia yamo. Ukucha hunyonya maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na akriliki iliyo juu haiufuati. Mate ni maji. Anayemenya viazi vya chipsi kutwa nzima naye yuko majini kutwa nzima, kwa hiyo usimhukumu kuwa amezing'ata kucha zake.

Tena kuna baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za Mbeya zinauma, na akriliki kwenye chumba cha baridi hukaza taratibu, mara nyingine ikaota chembechembe kama barafu. Pasha mikono ya mteja kwa maji ya vuguvugu kabla ya maandalizi, uikaushe vizuri, na usianze kazi chumba kikiwa bado jokofu. Jiko la mkaa lisiingie humo: asetoni, dawa ya kuyeyushia kucha bandia, inashika moto upesi, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Hofu yangu kubwa ni fundi aliyechoshwa na malalamiko akatafuta dawa "isiyoachia". Ipo, ni kimiminika cha methili methakrileti, na hukauka kigumu mno. Marekani, miaka ya 1970, Mamlaka ya Chakula na Dawa iliwachukulia hatua waliouza bidhaa zake za kucha baada ya watu kuumia. Haiyeyuki vizuri kwa asetoni, na ukijigonga mlangoni haikubali kutoka, kwa hiyo ukucha halisi ndio unaong'oka. Kucha bandia nzuri ni ile inayokubali kushindwa kabla ya kidole. Vilevile kucha bandia iliyoachia usiidondoshee gundi ili ikae chini tena. Unyevu ukifungiwa humo bakteria huota, na ukucha unakuwa wa kijani.

Basi njia ninayoifuata ni hii. Jeli au akriliki inaishia pale kidole kinapoishia, bila kurefusha. Mteja anarudi baada ya wiki moja, hasubiri tatu. Ukiachia ukucha, anapiga simu, haugusi. Bei tunakubaliana mwanzoni, na marekebisho mawili yamo ndani yake. Wenzangu wananiambia hiyo ni hasara, kodi ya fremu haisubiri mtu aache tabia yake. Ni kweli kwamba wateja hawa hawanilipi vizuri kwa saa ninazowapa. Fundi anayeanza, mwenye kiti kimoja, akiamua kuwaelekeza kwa mwenzake sitamlaumu. Ninayemlaumu ni yule anayechukua pesa ya kucha ndefu akijua wazi hazitafika Jumatatu.

Huyo wa sendofu? Kucha za pakiti zenye stika. Zibandikwe asubuhi ya shughuli, usiku ziloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na zitoke. Kesho yake aje tuanze zile fupi.

Yupo mama mmoja, mwalimu, niliyeanza naye Aprili. Mwanzoni alikuwa akinyoosha kidole kimoja kimoja, kile nisichokishughulikia kikibaki chini ya kitenge. Wiki ya 11 aliniomba nizitoe zote. Kucha 9 zilikuwa zimepita nyama. Gumba la kulia bado linaliwa, nalo tumeliacha na jeli yake.