Mkanda wa jeshi sio kurogwa, msifichane ndani

Jamani leo naongelea mkanda wa jeshi manake nimechoka kuona watu wanateseka kimya kimya kwa kuogopa maneno ya majirani. Shangazi yangu mwaka jana alianza kuwaka moto ubavuni, akadhani kalala vibaya, baada ya siku mbili vikatoka vijipele vya maji vimejipanga kama shanga toka mgongoni vinakuja mbele, kanga tu ikimgusa analia, usiku analala amekaa. Mmoja akasema karushiwa kitu, mwingine akampaka majivu, mwingine akasema vikizunguka vikakutana kitovuni anakufa. Na wengine hawakusema kitu, walitazamana tu, na mnajua walichokua wanawaza.

Kirusi cha mkanda ni kilekile cha tetekuwanga, wa ukoo wa hepesi. Ukipona tetekuwanga utotoni hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, kinaweza kukaa huko hata miaka 50, siku kinga ikishuka kinaamka na kufuata mshipa wake mpaka kwenye ngozi. Na kwa kua mshipa unahudumia upande mmoja wa mwili, mkanda kwa kawaida unaishia katikati, hakuna cha kukutana kitovuni wala nini.

Kuhusu ukimwi, ndio, VVU inashusha kinga na mkanda unaweza kua dalili, hasa kwa kijana, kwa hiyo daktari akikwambia upime pima. Ila uzee peke yake unatosha kuuleta, na dawa za saratani pia. Shangazi alipimwa, majibu ni yake, siyaandiki hapa na hayamhusu jirani.

Kinachoniuma ni muda. Dawa kama asikloviri zinasaidia zaidi zikianza ndani ya masaa 72 toka vipele vitoke, yeye alifika hospitali siku ya nane kwa sababu ya aibu na majivu, na mpaka leo ngozi imepona, kovu limebaki, lakini maumivu bado yanamchoma chini kwa chini, mishipa iliumia. Na vikitoka kwenye paji la uso au ncha ya pua usisubiri hata kesho, nenda wakuangalie jicho, watu wanapoteza uwezo wa kuona hivihivi.

Tena ukoo huu wa virusi vya hepesi una ndugu wengi wanaosumbua ngozi. Vidonda vya homa mdomoni ni hepesi, ukimbusu navyo mtoto mwenye pumu ya ngozi vinaweza kumsambaa mwili mzima, na ile saratani ya ngozi ya Kaposi inaletwa na hepesi namba 8, iliyogunduliwa mwaka 1994.

Mkanda wenyewe hauambukizi mkanda, ila maji ya vile vipele yanampa tetekuwanga ambaye hajawahi kuugua, kwa hiyo funika vipele na kaa mbali na wajawazito na vichanga. Nyumbani kwetu hakuna aliyeniamini nilipolisema hili, mpaka wiki mbili baadae mjukuu wa miaka 4 aliyekua analala kitanda kimoja na shangazi akaamka kajaa tetekuwanga usoni, mgongoni, mpaka ndani ya nywele.