Ekari Mbili za Joska

Najua mshapata habari. Rafiki yangu, ambaye kwa sasa tunasalimiana kwa nyusi tu, ameirekodi na kuisambaza WhatsApp, tena akatia chumvi kwamba nililia. Sikulia. Ule ulikuwa moshi wa jiko.

Haya. Chama chetu cha hapa Kayole kilikuwa na robo tatu ya ekari kule Joska, tukauza thuluthi ya ekari. Mimi mweka hazina, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, nikainuka kueleza wanachama kilichobaki.

Nikaandika 3/4 kwenye karatasi ya ukutani. Nikaweka alama ya kutoa. Nikaandika 1/3. Polepole, kwa mbwembwe, kalamu nene ikilia kwii.

"Juu: tatu toa moja, mbili. Chini: nne toa tatu, moja."

2/1. Nikaipigia mistari miwili chini, nikageuka.

"Ndugu wanachama, tumebaki na ekari mbili!"

Wakapiga makofi. Ninyi mnaonicheka, hilo mliandike: walipiga makofi ya kilo. Kisha yakaanza kupungua, mmoja mmoja akiacha, hadi akabaki kijana wa bodaboda peke yake, naye akanyamaza. Kalamu yangu bado iko hewani. Mzee wa kiti cha nyuma akakohoa.

"Mweka hazina, hatukuwa tumefika hata ekari moja. Tumeuza, na shamba limeongezeka. Si tuuze tena, tufike Thika?"

Jasho likaanzia shingoni, likateremka uti wa mgongo bila haraka, likatua kwenye mshipi. Nikajitetea kwamba ardhi ya Joska imepanda. Ndiyo, nilisema hivyo, mdomo huuhuu.

Mama wa mboga hakusema neno. Akavuta sinia ya chai, akapanga mandazi 12 mezani.

"Hii ndiyo ekari. Nimechukua 12 kwa sababu inagawika kwa nne, inagawika kwa tatu, na hakuna andazi litakalovunjika. Robo tatu yake ni 9. Thuluthi yake ni 4. Sasa tazama."

Akasogeza matatu kando, yakabaki tisa. Kisha kwenye hayo tisa akatoa manne, moja baada ya jingine, na kila akitoa ananiangalia machoni. Yakabaki matano. Tano juu ya kumi na mbili. Hata nusu ekari haifiki.

Kura ikapigwa, mama wa mboga akapita bila kupingwa, nikakabidhi vitabu, nikaenda nyumbani.

Leo alfajiri shemeji kapiga simu kutoka Kisii, sauti tamu ajabu, anauliza kama kwenye zile ekari mbili naweza kumkatia japo robo.