Yupo Tu Nyumbani

Karani wa sensa alipofika kwetu Kibosho, Kilimanjaro, ile Jumanne ya tarehe 23 Agosti 2022, alinikuta na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na mtoto mgongoni. Mzee alishavuta kiti, amevaa koti la kanisani. Serikali imekuja, bwana!

"Na mama anafanya kazi gani?"

"Huyu? Hana kazi. Yupo tu nyumbani."

Nikautua ule mzigo. Kwa kishindo.

Yupo tu! Saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya mwezi wa nane inashuka mlimani kama inatudai, nani anakamua? Yupo Tu. Nani anateremka tambarare kufuata majani, kisha anapanda nayo mlima wote ule? Yupo Tu huyo huyo.

Kahawa ndiyo usiniulize. Nachuma mimi, punje nyekundu peke yake. Nakoboa mimi kwa kimashine cha mkono mpaka bega linalia. Naosha, naanika, wingu likipita nakimbia kufunika. Ikishakauka, siku ya kuipeleka kuuzwa chama cha msingi cha ushirika, ghafla ina baba! Kwetu kahawa ni ya mwanaume, ndizi ndizo za mwanamke. Haya, sawa. Ila sare, madaftari, sabuni, chumvi na mchango wa jumuiya, vyote vinatoka kwenye ndizi. Migomba yangu ingekuwa na mdomo ingeshaomba likizo.

Karani akauliza watoto na umri wao. Mzee akakohoa. Wa kwanza alimpatia. Wa pili akamwongezea miaka miwili. Wa nne akasema yuko la tatu, na mwenyewe kasimama pale mlangoni: "Baba, niko la tano."

Lakini ngoja lifike swali la mifugo! Yule ng'ombe mwekundu kazaliwa lini, kapandishwa mwezi gani, mama yake alinunuliwa kwa nani, yote kayamwaga bila kumeza mate. Na karani wa watu alitaka idadi tu.

Na mimi sijisifu. Nikimwita mmoja lazima niwapitie wote: we Neema, we Joseph, we... wewe, uliyeshika mwiko! Juzi kitinda mimba nimemwita kwa jina la mbuzi. Akaitika.

Sasa ikaja ya waliolala hapa usiku wa kuamkia siku ile. Nikawapanga ukutani, nikahesabu. Wanane. Nikarudia. Wanane. Na mimi nimezaa saba, hilo sibahatishi, uchungu niliusikia mwenyewe. Nikapita nikimwinua kila mmoja kidevu, mpaka kwa wa mwisho. Kamasi si za kwetu.

"Wewe wa nani?"

"Wa Mama Deo, ng'ambo ya mfereji."

"Umekuja lini?"

"Jumamosi."

Mae wee! Siku tatu anakula mtori wangu. Nimemwogesha. Hata fimbo ya maziwa yaliyomwagika kala. Na Mama Deo hajatuma mtu kuuliza. Ana tisa, labda naye alikuwa bado hajahesabu.

Karani kasimamisha kidole juu ya kishikwambi. "Mama, niandike saba au wanane?"

"Andika wanane. Na pale kwenye kazi yangu, rudi ufute."

Mzee akainuka, akasema anaenda kumwangalia ng'ombe.