Kipimo cha seli kinafaa kusaka sumu, si kutabiri tiba

Njia ya haraka ya kujua kama kemikali inavuruga mgawanyiko wa seli ni kuiweka kwenye seli zilizooteshwa maabarani, kisha kuzitazama kwa hadubini. Ukitia kolkisini, mojawapo ya kemikali za aina hiyo, nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili hazijengeki, na seli hukwama katikati ya kugawanyika. Wapo wanaoona ushahidi huo unatosha. Wengine husema seli zilizotengwa na mwili hazithibitishi lolote. Mimi naona inategemea tunatafuta nini.

Kwa kusaka sumu, nasimama na maabara. Kipimo maarufu cha Ames, cha kutambua kemikali zinazobadili DNA, hutumia bakteria, na bakteria hawagawanyiki kwa nyuzi hizo, kwa hiyo kemikali inayoharibu nyuzi peke yake yaweza kupita bila kugunduliwa. Katika seli za binadamu, kromosomu iliyoachwa nyuma hujifungia kwenye kiini kidogo kando ya kile kikuu, nacho huonekana na kuhesabika. Ni kweli kwamba kipimo hiki cha seli wakati mwingine hushtaki kemikali isiyo na hatia, hasa dozi ikiwa kubwa mno au seli zikiwa zimepoteza protini ya p53 inayolinda jenomu, yaani DNA yote ya seli. Lakini kengele ya bure hunyamazishwa kwa vipimo vya ziada. Sumu iliyopita kimya huwafikia watu.

Kwenye tiba ya saratani mambo hubadilika. Paklitakseli, dawa inayozifanya nyuzi hizo zishindwe kubomoka, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari. Baadaye zikatafutwa dawa za kugusa seli zinazogawanyika tu, kama zile za kuzuia kinesini-5, protini inayosaidia kupanga nyuzi hizo wakati wa mgawanyiko. Maabarani ziliua seli vizuri sana; kwa wagonjwa wenye uvimbe, nyingi zilivunja moyo. Sababu moja inayotajwa ni kasi. Seli za HeLa, seli za saratani zinazotumika sana maabarani, huongezeka maradufu kwa takriban siku moja, ilhali uvimbe mwingi mwilini hukua polepole zaidi, na wakati wowote ule ni seli chache tu zinazogawanyika.

Halafu kuna ganzi ya vidole inayowatesa wengi wanaotumia paklitakseli. Seli za neva zilizokomaa hazigawanyiki, ila hutegemea nyuzi za aina hiyohiyo kusafirisha mahitaji yake hadi miguuni. Kipimo cha mgawanyiko pekee hakiwezi kuonyesha madhara hayo, na mgonjwa ndiye anayeyabeba. Kwa hiyo anayetangaza dawa mpya kwa matokeo ya seli peke yake aulizwe mapema: seli zako huongezeka maradufu kwa saa ngapi, na umeijaribu kwenye neva?