Wote Wana Nyota Tano

Jamani, kutembea Athens kumbe lazima kwanza ufanye usaili! Acropolis hiyo hapo, kilima kinaonekana hata dirishani kwa mtu, wala hakikimbii. Lakini kwenda kukiona, shurti uchague mwenyeji wa kukupeleka.

Mama Zuhura kashika simu, ananisomea. Ziara ya miungu. Ziara ya falsafa. Ziara ya vyakula. Ziara ya baiskeli za umeme. "Huyu ana nyota tano." Na huyo wa pili? "Tano." Wa tatu? "Tano." Mji mzima hakuna hata mmoja aliyeboronga akapewa tatu?

Halafu kuna hii biashara ya "kuruka foleni". Unaruka ya tiketi. Ya ukaguzi langoni iko palepale, na jua linakupiga utosini. Tena soma maandishi yale madogo kabisa chini: tiketi ya kuingia haimo! Hiyo ni yuro 30 nyingine, kwa kichwa.

Basi nikasema twende ya bure. Kijana kanyanyua mwavuli wa njano, anaita watu kama mpiga debe wa Ubungo. Tumezungushwa mtaa wa Plaka, vichochoro na paka, hadi tukasimama chini ya kilima. Akanyoosha kidole: "Ile pale juu ni Parthenon." Ndugu yangu! Mwisho kofia ikapita. Mzee mmoja Mjerumani, sijui nani kamtuma, kaweka noti ya 20, tena kaikunjua vizuri ionekane. Na sisi nyuma yake tufanyeje? Mkono wangu mfukoni ulikuwa umeshashika sarafu, ikabidi uziachie.

Kesho yake Mama Zuhura akalipia mama mmoja mwenye beji ya leseni shingoni, maana bila leseni huruhusiwi kuongoza watu kule ndani. Saa mbili asubuhi, geti linafunguliwa. Na nisiwe mchoyo wa haki, yule mama anajua. Kumbe hekalu lile la Parthenon, lililojengwa kuanzia mwaka 447 kabla ya Kristo, halikubomolewa na uzee. Waturuki walilifanya ghala la baruti, na mwaka 1687 watu wa Venice wakalipiga kombora. Paa likaruka. Nani anaweka baruti kwenye jengo kama lile?

Tukafika kwa wale mabinti sita wa mawe waliojitwisha dari ya hekalu jingine pale juu, Erechtheion. Nikapiga picha, nikainama, nikapiga tena. Ndipo akasema hao ni nakala. Watano wa kweli wako kwenye jumba la makumbusho kule chini, wa sita yuko London, alichukuliwa na Lord Elgin, bwana mmoja balozi wa Uingereza.

"Yaani nimelipa kuona kopi?"

"Baba Zuhura, punguza sauti."

Nipunguze vipi na masikio nimezibwa kwa spika? Tena marumaru ile imekanyagwa karne ngapi sijui, inateleza kuliko sakafu yenye sabuni. Huku unasikiliza habari za Pericles, kiongozi wao wa kale, huku unatafuta pa kushika.

Sasa hivi naambiwa nisivue viatu. Kalipia ziara nyingine: Sounion, hekalu la Poseidon, mungu wao wa bahari, kutazama machweo. Kilomita 70 kwa basi kufuata jua linakozama! Kwani hapa halizami?

"Lina nyota tano," anasema.

Jua au basi?