Virusi Mnavisingizia

Nimechoka na neno virusi. Kigoma hii fleshi ikizingua ni virusi, picha zisipofunguka ni virusi. Juzi mama mdogo kanipigia kutoka Ujiji, sauti imemkauka: "Mwanangu, virusi vimekula harusi yote."

Alinunua fleshi ya GB 128 sokoni kwa bei ya kutupa, akampa mpiga video amwekee harusi ya binti yake. Kuingia ukumbini kunacheza vizuri. Kwenye keki video inagandaganda. Kuanzia hapo ni majina ya mafaili tu, hakuna kinachofunguka. Mpiga video ameshafuta kadi yake, ana harusi nyingine. Fundi kapiga skani, kachukua hela, kasema ni virusi sugu.

Virusi gani hivyo vyenye adabu ya kuacha maharusi waingie kwanza, ndipo vianze kula?

Ndani ya fleshi mna chipu ya kutunza data na kontrola ya kuisimamia. Kompyuta haiioni ile chipu, inaiuliza kontrola nafasi ni kiasi gani na kuamini inachojibiwa. Walaghai wanachukua chipu ya GB 8, wanachezea programu ya kontrola iseme 128, wanabandika nembo ya kampuni kubwa, kazi imekwisha. Unakopi, mstari unajaa mpaka mwisho, hakuna onyo lolote. Kumbe GB 8 zikishajaa, kinachofuata kinatupwa, au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Majina yanabaki kwa sababu orodha ya mafaili kwa kawaida hukaa mwanzoni, mahali ambapo papo kweli. Jina unaliona, ukubwa unauona, ukibofya hewa. Wala msinitajie programu ya kurudisha data. Utarudishaje kitu ambacho hakikuandikwa?

Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alibuni memori hii miaka ya 1980 ili data ibaki hata umeme ukizimwa. Akafanikiwa. Sisi tunauziwa inayopoteza harusi umeme ukiwepo.

Haya, virusi vipo, sikatai, hasa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo pale mtaa wa Mwanga, fleshi za mtaa mzima kompyuta moja. Na GB 128 halali kuonyesha 119 si wizi: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Faili la zaidi ya GB 4 likikataliwa, hiyo ni FAT32, mpangilio wa zamani wa fleshi usiopokea faili kubwa hivyo. Hamisha vilivyomo, formati fleshi kwa exFAT, mpangilio unaozipokea, endelea na maisha.

Ila fleshi mpya ijaze yote kabla hujaiamini. Programu ya H2testw ni ya bure: inaandika mpaka pomoni, kisha inasoma ilichoandika. Inachosha, najua. Kwa megabaiti 10 kwa sekunde, GB 128 ni zaidi ya saa tatu na nusu za kuandika tu. Kwa hiyo dai risiti na siku ya kurudisha. Muuzaji akinuna, mrudishie fleshi yake papo hapo.

Na ninyi wadogo zangu wa steshenari, kabla hamjapokea hela ya mama wa watu ya "kusafisha virusi", ipimeni hiyo fleshi. Ikiwa feki mwambieni ni feki, aende kumdai aliyemuuzia kabla jamaa hajahamisha meza.